Mtihani wa Usajili: Mlango wa Mwisho kwa Muuguzi Kabla ya Kupewa Leseni

Kila mwaka vyuo vya uuguzi na ukunga nchini hufanya mahafali. Wazazi na walezi husafiri kutoka mikoa mbalimbali kushuhudia vijana wao wakivaa majoho, na kwa familia nyingi siku hiyo huwa hitimisho la miaka kadhaa ya kutafuta ada, nauli na fedha za kujikimu. Hata hivyo, mhitimu aliyevaa joho siku hiyo bado hajawa muuguzi anayeruhusiwa kumhudumia mgonjwa kwa dhamana yake mwenyewe. Mbele yake umebaki mlango mmoja, nao ni mtihani wa usajili na leseni unaotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC).

Mtihani huo umekuwa ukiibua maswali miongoni mwa wahitimu na familia zao. Wapo wanaojiuliza kwa nini mtu aliyefaulu masomo yake yote chuoni atahiniwe tena. Wapo wanaouchukulia kuwa ni utaratibu wa kawaida wa kiofisi na hivyo kuuendea bila maandalizi. Wapo pia wanaouogopa kiasi cha kutafuta njia za mkato. Makala haya yanaeleza mtihani huo unalenga nini, unamtaka mtahiniwa awe na uwezo gani, na namna bora ya kujiandaa nao.

Mitihani miwili, malengo mawili

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mtihani wa mwisho wa chuo na mtihani wa Baraza ni vitu viwili tofauti, ingawa masomo yanayohusika ni yale yale.

Mtihani wa chuo ni wa kitaaluma. Kwa ngazi ya astashahada na stashahada, mafunzo huendeshwa kwa kufuata ngazi za tuzo za elimu ya ufundi zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kwa ngazi ya shahada, mafunzo hutolewa na vyuo vikuu vilivyo chini ya uangalizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mhitimu wa shahada hutakiwa pia kupitia mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali hospitalini. Kwa ngazi zote, swali linalojibiwa na mtihani wa chuo ni moja: je, mwanafunzi huyu amejifunza yale yaliyomo katika mtaala?

Mtihani wa Baraza ni wa kisheria. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza jukumu la kusimamia taaluma hiyo kwa lengo la kulinda afya na usalama wa wananchi, na inamzuia mtu yeyote kutoa huduma za uuguzi au ukunga bila kusajiliwa na kuwa na leseni. Swali linalojibiwa na mtihani huu si kwamba mhitimu amesoma kiasi gani, bali ni iwapo mgonjwa atakuwa salama mikononi mwake.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika maandalizi. Chuoni, mwanafunzi aliyepata alama za juu katika masomo mengi anaweza kufidia udhaifu wa somo moja katika wastani wake wa jumla. Mgonjwa hana nafasi ya kufidia namna hiyo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hanufaiki na ukweli kwamba mkunga aliye mbele yake alifanya vizuri sana katika somo la afya ya jamii.

Utaratibu huu wa kumpima mhitimu kabla ya kumpa leseni haupo Tanzania peke yake. Nchini Kenya, Baraza la Wauguzi hutahini wahitimu kabla ya kuwapa leseni. Nchini Marekani, mhitimu hufanya mtihani ujulikanao kama NCLEX, ambao kompyuta hubadilisha ugumu wa maswali kulingana na majibu ya mtahiniwa. Anayeomba kuwa muuguzi msajiliwa nchini humo hupewa maswali kati ya 85 na 150 ndani ya muda usiozidi saa 5, na tangu Aprili 2023 mtihani huo umeongezewa maswali yanayopima namna muuguzi anavyofikia uamuzi kuhusu mgonjwa. Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wao mtihani wa kujipima kabla ya kuhitimu, ili kila mmoja aujue udhaifu wake mapema. Nchini Uingereza, muuguzi aliyesomea nje ya nchi hupimwa kwa maswali ya kompyuta na pia kwa vitendo.

Maswali yanayopima uamuzi

Watahiniwa wengi hujiandaa kwa kukariri. Hukariri dalili za magonjwa, majina ya dawa na hatua za huduma kama zilivyoandikwa katika madaftari yao. Maarifa hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Mitihani ya leseni huelekea kumweka mtahiniwa mbele ya mgonjwa na kumtaka aseme atafanya nini kwanza.

Mfano ni swali la mama aliyejifungua dakika 20 zilizopita. Pedi yake imelowa damu, na mkunga akigusa tumbo anabaini kuwa mfuko wa uzazi ni laini. Majibu manne yanatolewa: kumpima shinikizo la damu, kumbadilishia pedi na kumwacha apumzike, kuukanda mfuko wa uzazi huku akiita msaada, au kwenda kuandika taarifa kwenye jalada. Shinikizo la damu ni lazima lipimwe, taarifa ni lazima iandikwe, na pedi ni lazima ibadilishwe. Kwa hiyo aliyekariri atayaona majibu yote kuwa ni mambo ambayo mkunga hufanya. Aliyeelewa atatambua kwamba mfuko wa uzazi ulio laini haujajikaza, na kwamba kutojikaza huko ndiko kunakosababisha damu kutoka. Hatua ya kwanza ni kuukanda na kuita msaada, kisha mengine yafuate.

Mfano mwingine ni wa muuguzi anayepokea zamu akiwa na wagonjwa wanne. Mmoja ana maumivu ya kidonda cha upasuaji, wa pili anasubiri karatasi za kuruhusiwa kwenda nyumbani, wa tatu dripu yake inakaribia kuisha, na wa nne ni mtoto anayepumua kwa kasi huku kifua chake kikibonyea ndani. Wote wanahitaji huduma, ila mtoto ndiye wa kwanza. Kanuni inayoongoza uamuzi huo hufundishwa tangu mwaka wa kwanza: njia ya hewa hutangulia, hufuata upumuaji, kisha mzunguko wa damu.

Kanuni ya pili inayosaidia ni mchakato wa uuguzi wenye hatua tano, yaani kukusanya taarifa za mgonjwa, kubaini tatizo, kupanga huduma, kutekeleza mpango na kufanya tathmini. Pale swali linapokuwa halijatoa taarifa za kutosha kuhusu hali ya mgonjwa, jibu sahihi mara nyingi huwa ni kumpima na kumchunguza kwanza. Pale ambapo taarifa zimeshatolewa na hatari iko wazi, kurudia kupima ni kupoteza muda, na jibu sahihi huwa ni kuchukua hatua.

Hesabu ya dawa

Eneo jingine linalohitaji umakini ni hesabu. Makosa ya kipimo cha dawa humdhuru mgonjwa moja kwa moja, na mtahiniwa hana budi kuwa na uwezo wa kukokotoa bila kubahatisha.

Ikiwa mgonjwa ameandikiwa mililita 1,000 za maji ya dripu ndani ya saa 8, na mrija unaotumika hutoa matone 20 kwa mililita moja, mtahiniwa atazidisha 1,000 kwa 20 na kupata matone 20,000. Saa 8 ni sawa na dakika 480. Matone 20,000 yakigawanywa kwa dakika 480 hutoa takriban matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kusahau kubadili saa kuwa dakika, ambapo jibu huwa matone 2,500, kiasi kisichowezekana. Muuguzi makini hujiuliza kila mara iwapo jibu alilopata linaingia akilini.

Vivyo hivyo, mtoto mwenye uzito wa kilo 12 anayetakiwa kupewa parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo atahitaji miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kiasi sahihi ni mililita 7.5. Nukta moja ikiwekwa mahali pasipo pake, mtoto huyo atapewa mililita 75. Ndiyo maana hesabu za aina hii zinapaswa kufanyiwa mazoezi kila siku mpaka mtahiniwa azizoee.

Maandalizi huanzia wodini

Kosa kubwa linaloweza kufanywa na mtahiniwa ni kuamini kwamba maandalizi huanza tarehe ya mtihani inapotangazwa. Maandalizi ya kweli huanza siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anayesaini kitabu chake cha mazoezi bila kufanya kazi iliyoandikwa humo anajinyima fursa ambayo hakuna kitabu kitakachoifidia. Aliyejaza patografu ya mama halisi, akaona uchungu ukichelewa na akashuhudia uamuzi wa rufaa ukifanywa, atalielewa swali la patografu kwa namna ambayo aliyesoma nyumbani hawezi kuifikia. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyesimama karibu na mkunga wakati mtoto mchanga aliyeshindwa kulia akisaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake.

Kwa mhitimu aliyekwisha kumaliza masomo, kipindi cha wiki nane kabla ya mtihani kinaweza kugawanywa kwa utaratibu ufuatao. Katika wiki ya kwanza, ajipime kwa maswali ya masomo yote chini ya muda uliopangwa, bila kufungua kitabu. Lengo ni kujua mahali alipo dhaifu, kwa kuwa wengi hupenda kurudia somo wanalolipenda na kuliahirisha wanaloliogopa. Wiki ya pili hadi ya sita zielekezwe zaidi kwenye maeneo yaliyobainika kuwa dhaifu, huku hesabu za dawa na maswali ya vipaumbele yakifanywa kila siku. Wiki ya saba iwe ya kujipima tena kwa mtihani mzima. Wiki ya nane iwe ya marejeo mafupi, kukamilisha safari ya kwenda kituoni na kupumzika.

Katika kila zoezi, jibu lililokosewa lina thamani kuliko lililopatwa. Mtahiniwa anashauriwa kuwa na daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza ni ya maswali aliyokosa kwa sababu hakuwa na maarifa, ya pili ni ya yale aliyokosa kwa kusoma swali haraka, na ya tatu ni ya yale aliyokuwa amejibu sahihi kisha akabadilisha kwa wasiwasi. Tiba ya safu ya kwanza ni kusoma. Tiba ya safu ya pili ni kupunguza mwendo na kuyatambua maneno yanayobeba swali, kama vile “kwanza”, “muhimu zaidi” na “isipokuwa”. Tiba ya safu ya tatu ni kutobadilisha jibu pasipo sababu inayoeleweka. Mtahiniwa anayepoteza alama nyingi katika safu ya pili na ya tatu hatasaidiwa na kusoma usiku kucha.

Kusoma kwa vikundi vidogo kuna manufaa endapo kila mmoja atapewa mada ya kuwafundisha wenzake, kwa sababu anayefundisha hugundua haraka pale asipoelewa. Inafaa pia kutumia miongozo ya kitaifa ya matibabu na ya huduma za uzazi, kwa kuwa miongozo hubadilika na madaftari ya miaka ya nyuma yanaweza kuwa na maelekezo ambayo hayatumiki tena.

Maadili na sheria ya taaluma visiachwe nyuma. Ridhaa ya mgonjwa kabla ya huduma, utunzaji wa siri zake, uandishi sahihi wa kumbukumbu na lugha ya staha ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Mgonjwa aliyetolewa maneno makali huogopa kurudi kituoni, na huduma bora iliyopo hapo haitamfikia.

Nyaraka na tahadhari dhidi ya matapeli

Si kila anayekwama hukwama kwa kukosa maarifa. Wapo wanaochelewa kwa sababu ya nyaraka. Majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo na kitambulisho cha Taifa yanapaswa kufanana. Pale yanapotofautiana, hata kwa herufi moja, marekebisho ya kisheria yaanze mapema badala ya kusubiri siku za mwisho za maombi. Mhitimu afuatilie matangazo ya Baraza yenyewe kuhusu tarehe, ada, sifa za waombaji na vituo vya mtihani, na asitegemee taarifa zinazosambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii.

Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mtu anayemtaka mtahiniwa atume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kwa ahadi ya kumwandikisha, kumpatia maswali kabla ya siku ya mtihani au kumbadilishia matokeo ni tapeli, na anapaswa kuripotiwa. Mhitimu anayenunua mtihani anahatarisha taaluma aliyoisomea kwa miaka yote hiyo. Na hata kama hatagundulika, atakuwa amejipeleka wodini bila uwezo ambao wagonjwa wake watadhani anao.

Kwa asiyefaulu

Kutofaulu kwa mara ya kwanza kunaumiza, hasa pale ambapo familia nzima ilikuwa ikisubiri. Hakufuti cheti cha chuo wala hakumaanishi kwamba mhitimu hafai katika taaluma. Kunamaanisha kwamba lipo eneo ambalo bado halijawa salama, na kwamba anatakiwa kulifanyia kazi kabla ya kurudi tena kwa kufuata taratibu za Baraza. Wazazi na walezi wana nafasi kubwa katika kipindi hiki. Lawama humfanya kijana ajifiche, na anayejificha ndiye anayeshawishika kufanya kazi bila leseni katika kituo kisichofuata sheria.

Hatua hiyo ni ya hatari kwa pande zote. Asiye na leseni anayejitambulisha kuwa muuguzi anavunja sheria, na anayemwajiri akijua hali hiyo naye anashiriki kosa. Mhitimu anayesubiri kurudia mtihani atumie muda wake kujisomea, kuhudhuria marejeo ya wakufunzi wake na kufanya kazi nyingine halali isiyomweka katika nafasi ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi.

Wajibu wa waajiri na wananchi

Kwa waajiri, wa umma na wa binafsi, cheti cha chuo pekee hakitoshi kuwa kigezo cha kumpangia mtu zamu. Usajili na leseni hai vinapaswa kuthibitishwa kwanza. Kwa wananchi, kuuliza iwapo mtoa huduma amesajiliwa ni haki ya mgonjwa, na kuuliza huko hakuna kosa.

Umuhimu wa haya unaonekana katika takwimu za afya ya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyoripotiwa katika utafiti wa mwaka 2015/16. Mafanikio hayo yana sababu nyingi, zikiwemo ujenzi wa vituo, upatikanaji wa dawa na vifaa, na mfumo wa rufaa. Lakini katika zahanati nyingi za vijijini, mtu anayempokea mama usiku wa manane ni muuguzi au mkunga, na mara nyingine yuko peke yake. Hakuna daktari chumba cha pili wala mwenzake wa kumuuliza. Yale anayoyajua, na uamuzi anaoufanya katika dakika chache za mwanzo, ndivyo vinavyoamua iwapo mama na mtoto watarudi nyumbani.

Mtihani wa usajili upo kwa ajili ya usiku huo. Mhitimu akiufahamu hivyo, hatauona tena kuwa ni kikwazo kilichowekwa kati yake na ajira, na atajiandaa nao kama anavyojiandaa kumpokea mgonjwa wake wa kwanza.